Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024

Morogoro, Februari 2025

Ndugu wajumbe wa kamati tendaji, ndugu wanachama mliofika,

Nimesema "mliofika" kwa makusudi. Daftari letu lina majina 118. Akidi kwa mujibu wa katiba yetu ni theluthi moja, yaani watu 40. Saa 4 asubuhi, saa nzima baada ya muda wa barua ya mwaliko, tulikuwa 34. Sita waliobaki wamepigiwa simu na kuletwa kwa bodaboda, nauli nimelipa mimi na sijaidai. Chama hiki cha kutetea haki ya taarifa na faragha kilizaliwa kwenye foleni. Waasisi wanakumbuka ule mwisho wa mwaka 2019, tuliposimama juani kuweka alama za vidole ili laini zetu za simu zisifungwe, hadi tarehe ikasogezwa kutoka Desemba 31 kwenda Januari 20. Foleni ile tuliweza kusimama siku mbili. Mkutano wa mara moja kwa mwaka unatushinda.

Shughuli za mwaka mnazijua, nitazipitia haraka. Vikao vya kamati 5 kati ya 12 vilivyopangwa. Shule za sekondari 3 kuhusu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Semina mbili, ya Mei watu 46, ya Oktoba watu 29. Mapato shilingi 1,912,000, matumizi 1,874,500, salio 37,500. Aprili 3 Rais alizindua Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, nasi tulifuatilia kwenye televisheni ya katibu. Mwezi uliofuata Mahakama Kuu ikaona baadhi ya vifungu vya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi yenyewe, ile ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, vina utata, na ikaipa Serikali mwaka mmoja ivirekebishe. Jambo hilo nililieleza kundini kwa ujumbe wa sauti wa dakika 11. Kwa maswali niliyopata, waliosikiliza hadi mwisho ni wawili.

Kuhusu barua ya kamera. Mwezi Machi niliandika kwa ofisi moja ya umma, kwa kutumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, kuuliza picha za kamera zilizofungwa kwenye eneo lake zinatunzwa na nani, kwa muda gani, na nani anaruhusiwa kuzitazama. Sheria inatoa siku 30. Zilipopita niliandika tena. Mwezi Agosti tukajibiwa kwa mstari mmoja kwamba suala letu linafanyiwa kazi. Barua zote mbili niliandika mwenyewe, usiku, kwa bando langu. Wapo wanaosema chama hakijafanya kitu mwaka huu. Nawaomba waje waone jalada.

Sasa niingie kwenye lile ambalo najua ndilo lililowaleta baadhi yenu leo.

Jumamosi ya Desemba 7, saa 3 usiku, nilibandika kwenye kundi letu la WhatsApp orodha ya wanachama 61 wanaodaiwa ada. Orodha ilikuwa na jina, namba ya simu na kiasi kinachodaiwa. Jumapili saa 10 jioni niliifuta. Katikati ya saa hizo yamesemwa mengi, na tangu hapo yamesemwa zaidi, kwa hiyo mniruhusu nami niseme.

Kwanza, hali ilivyokuwa. Ada yetu ni shilingi 2,000 kwa mwezi, yaani 24,000 kwa mwaka. Hadi Novemba waliokuwa wamelipa yote ni 37. Mwenye ukumbi alikuwa anatudai kodi ya semina mbili. Nilikumbusha kundini mara nne. Nilituma ujumbe kwa mtu mmoja mmoja, wengine wakanijibu kwa alama ya dole gumba, ambayo mweka hazina hana pa kuiandika kwenye leja.

Pili, si kweli kwamba niliamua peke yangu. Nilimpigia simu mweka hazina. Anasema alijibu "tuangalie." Mimi nilielewa "tuangalie" kuwa ni ndiyo. Sitabishana na dada yangu mbele ya mkutano.

Tatu, nilitumia hoja ileile tunayowafundisha wengine. Tunapozunguka mashuleni tunasoma ibara ya 18 ya Katiba, tunasema mwananchi ana haki ya kupata taarifa, tunasema fedha za pamoja zisifichwe. Fedha za chama ni za pamoja. Mwanachama anayelipa ana haki ya kujua nani halipi. Mimi niliona huo ndio uwazi.

Nikajibiwa kwa ibara ya 16, ya faragha. Nikaambiwa, na aliyeniambia ni kijana niliyemfundisha uraia kidato cha tatu, kwamba hata hiyo sheria ya 2016 ninayoipenda imeweka faragha ya mtu miongoni mwa sababu za kukataa kutoa taarifa. Nikaonyeshwa fomu yetu ya kujiunga, kwamba imeandikwa namba ya simu ni "kwa mawasiliano ya chama," na kwamba taarifa iliyochukuliwa kwa lengo moja haitumiwi kwa jingine. Mwingine akabandika kifungu cha adhabu cha ile sheria ya 2022, faini hadi shilingi milioni 20 au kifungo kisichozidi miaka 10. Nashukuru kwamba semina zetu zimeeleweka.

Lililonichoma ni neno moja. Mnakumbuka semina ya Oktoba ilihusu mikopo ya mtandaoni, ile inayoitwa kausha damu, ambayo ukichelewa kulipa, programu inawatumia ujumbe watu wote waliomo kwenye simu yako, mkwe na mchungaji wakiwemo, kwamba wewe ni mdaiwa. Mwezi uliofuata Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zinazokopesha bila leseni. Tulishangilia, na mimi ndiye niliyeandika tamko letu. Wiki mbili baadaye mwanachama mmoja akaniandikia mbele ya watu 143: "Mwenyekiti, na wewe sasa ni kausha damu wa sabini."

Hao watu 143 nao ni hoja, nakubali. Kundi lina watu wengi kuliko daftari. Kuna shemeji, kuna waliohama, kuna namba mbili ambazo hakuna anayejua ni za nani. Hilo sikuliwaza usiku ule. Nilipofuta, orodha ilikuwa tayari imepigwa picha na kufika kwenye kikoba kimoja na kwaya moja.

Nakiri basi makosa mawili. Namba za simu hazikupaswa kuwepo, kwa sababu wote tunafahamiana kwa majina. Na mama mmoja aliyekuwa kwenye orodha alikuwa ameshalipa tangu Julai. Muamala ulikuwepo, haukuandikwa leja. Nimemwomba radhi kwa simu na ninarudia hapa. Hakuja leo.

Lakini majina na madeni, hapana, hilo silifuti moyoni. Katika siku tisa baada ya orodha, wanachama 22 walilipa shilingi 528,000. Mwenye ukumbi amelipwa, ndiyo maana mmekalia viti. Wanane walijitoa kundini. Watano kati yao walikuwa kwenye orodha na bado wanadaiwa. Nchi yetu iliingia kwenye Ubia wa Serikali kwa Uwazi (OGP), ule mpango wa kimataifa wa serikali kujiendesha kwa uwazi, mwaka 2011 na ikajitoa mwaka 2017, nasi hadi leo tunalalamika. Kujitoa kwa hawa wanane mnataka nikuiteje?

Kamati imeelekeza suala hili lijadiliwe chini ya mengineyo. Nitakaa kimya na kusikiliza, ila naomba mchangiaji ataje kwanza kama amelipa ada.

Kuhusu mwaka ujao, tunatarajia kuendeleza semina kadiri hali itakavyoruhusu, kutafuta wafadhili, na kufuatilia barua ya kamera. Chama pia hakijajisajili kwenye Tume kama mkusanyaji wa taarifa binafsi, ingawa tarehe ya mwisho iliyotangazwa mwanzo, Desemba 31, tuliitangaza sisi wenyewe madukani na misikitini. Katibu analifanyia kazi.

Karatasi ya mahudhurio inazunguka. Safu ya namba za simu nimeikata kwa kalamu, andikeni jina na sahihi tu. Ajenda inayofuata ni ya mweka hazina.

Mwenyekiti