Madirisha ya maghorofa ya zamani yasibadilishwe kiholela

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie maghorofa ya miaka ya 1950 na 1960 yaliyoko Upanga na katikati ya jiji la Dar es Salaam, ambayo madirisha yake yanang'olewa moja moja na kila mpangaji kuweka alipendalo.

Mengi ya majengo hayo yalichorwa kwa kuzingatia upepo. Juu ya dirisha kuna kivuli cha zege cha kukinga jua, na dirisha lenyewe ni la luva, yaani vipande vya kioo vinavyofunguka vyote kwa pamoja, hivyo kusi na kaskazi hupita chumbani hata mvua ikinyesha. Dirisha la aluminiamu la kusukuma pembeni, lenye vioo viwili, haliwezi kufunguka zaidi ya nusu. Aliyeliweka hupunguza vumbi na kelele za bodaboda, ni kweli, lakini joto humlazimisha kununua kiyoyozi, ambacho maji yake humdondokea jirani wa chini.

Simlaumu mpangaji, kwani luva za zamani zimeshika kutu na vipande vilivyovunjika vimezibwa kwa mbao. Hata hivyo, ubovu huo unatibika kwa kuweka fremu mpya za luva zenye vipimo vilevile, pamoja na wavu wa mbu unaotoka ukaoshwa.

Katika nyumba za Golden Lane, London, zinazolindwa kisheria tangu 1997, dirisha halibadilishwi bila kibali, na kumefanyika majaribio ya kioo chembamba chenye ombwe, yaani nafasi isiyo na hewa, katikati, kinachoingia kwenye fremu ya awali na kuzuia baridi. Kioo hicho hatukihitaji, kibali tunakihitaji. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo ya kabla ya 1863, hata milango ya mbao iliyochongwa kabla ya 1940, lakini ghorofa la 1958 halimo mpaka litangazwe rasmi.

Tangazo hilo si lazima lisubiriwe. Baada ya utaifishaji wa 1971, mengi ya majengo haya yaliwekwa chini ya Msajili wa Majumba, kisha yakahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Mwenye nyumba akiwa mmoja, anaweza kutoa mchoro mmoja wa dirisha kwa kila jengo, wenye vipimo na rangi, na kuufanya sehemu ya mkataba wa upangaji.

Mkazi wa Upanga,
Dar es Salaam