Dakika tulizokwisha kuzilipia zisifutwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie gharama za simu, hasa bei za vifurushi, ambazo kwa sisi tunaouza vocha kwenye maduka madogo zimekuwa mjadala wa kila asubuhi.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nina duka nje kidogo ya mji wa Korogwe. Mwezi uliopita alikuja mama mmoja mtu mzima, akafungua fundo la khanga, akatoa Sh1,000 na kuniomba nimuunge kifurushi cha dakika cha saa 24 ili azungumze na mwanawe aliyeko Dar es Salaam. Nikamuunga. Simu ya kijana ikawa haipatikani mchana kutwa. Kesho yake mama alirudi, akaninyooshea simu nimsomee ujumbe ulioingia: kifurushi chake kilikuwa kimekwisha muda. Hakuwa ametumia hata dakika moja. Akaniuliza, "Mwalimu, dakika zangu kazichukua nani?" Sikuwa na jibu la kumpa, ndiyo maana naandika.

Tunaambiwa kwamba soko la simu nchini lina ushindani, na sikatai. Kampuni zipo kadhaa, na tangu Machi 2017 mteja anaweza kuhama mtandao bila kupoteza namba yake. Gharama za mwingiliano, yaani fedha ambazo kampuni moja huilipa nyingine mteja wake anapopiga mtandao mwingine, zilishushwa na Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) hatua kwa hatua, kutoka Sh15.60 kwa dakika mwaka 2018 hadi Sh2 mwaka 2022. Hilo lilikuwa jambo jema, kwani wengi wetu tulikuwa tukitembea na laini tatu ili kukwepa gharama ya kupiga nje ya mtandao.

Lakini ushindani humsaidia mnunuzi anayeweza kulinganisha. Sukari dukani kwangu hupimwa kwa kilo na mafuta ya kula kwa lita, na mteja akiona bei ya jirani ni nafuu huenda kwa jirani. Kifurushi hakina kipimo cha namna hiyo. Kimoja huchanganya dakika, meseji na MB, kingine ni cha siku tatu, kingine cha wiki, na majina hubadilika kabla hatujayazoea. Nimefundisha hisabati kwa miaka mingi, na bado nahitaji kalamu na karatasi ili nijue MB moja imeuzwa shilingi ngapi. Kila nilipopiga hesabu hiyo, anayenunua cha siku alikuwa akilipa zaidi kwa kila MB kuliko anayenunua cha mwezi. Dereva wa bodaboda hanunui cha siku kwa kupenda. Hiyo ndiyo fedha aliyoipata jana.

Mwaka 2021 TCRA iliweka ukomo wa bei ya MB moja, kima cha chini kikiwa Sh2.03 na cha juu Sh9.35. Bei mpya za vifurushi zilipoanza Aprili 2 mwaka huo, wananchi walilalamika na zikasitishwa. Kima cha juu naelewa kinamlinda nani. Kima cha chini nacho nafahamu kilikusudiwa kuzuia kampuni kubwa isiziue ndogo kwa kuuza kwa hasara, ila kampuni yenye uwezo halali wa kushusha bei chini ya hapo inazuiwa kumpunguzia mwananchi. Hili lingefaa kuelezwa kwa uwazi.

Tukumbuke pia kwamba mteja hulipa ushuru wa bidhaa na VAT ya asilimia 18 ndani ya bei. Yule mama amelipa kodi kwa maongezi ambayo hayakufanyika.

Ninaloomba si kubwa. Dakika na MB zisizotumika zisifutwe, bali zibaki kwenye simu ya mteja angalau siku 30. Utaratibu wa kuendelea na salio kwa aliyenunua tena kifurushi kilekile kabla ya muda kuisha humfaa mwenye fedha nyingine mkononi, naye mama huyu hakuwa nayo. Aidha, kabla mteja hajabonyeza kukubali, menyu imwoneshe bei ya dakika moja na ya MB moja, kwa kipimo kimoja kwa kampuni zote. Naomba TCRA itujibu kupitia ukurasa huu.

Kwa sasa yule mama hanunui tena kifurushi. Hupiga kwa salio la kawaida, ambalo dakika yake ni ghali zaidi, kwa sababu salio hilo akiamka kesho yake hulikuta palepale.

Mwalimu mstaafu,
Korogwe, Tanga