Vikundi vya kufarijiana visikome misaada inapokwisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasemee watu wa miteremko ya Mlima Elgon ambao, mvua ikianza kugonga bati, hawalali.

Tangu mito ya Nabuyonga na Namatala ilipofurika hapa Mbale, mashariki mwa Uganda, mwishoni mwa Julai 2022, nimesaidia kuendesha kikundi cha kufarijiana cha akina mama tisa. Mmoja wao, kila wingu linapotanda, hutia viatu vya wanawe na kadi zao za kliniki katika mfuko wa plastiki, akauweka mlangoni, kisha akakesha. Kwa wiki tatu hakutuambia. Kosa lilikuwa letu: tulianza kwa kuandika majina daftarini, naye akadhani ni orodha ya misaada, akawa anatueleza hasara ya nyumba tu. Tulipoliacha daftari ndipo aliposema.

Kazi hii si ngeni Uganda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003, uliofanyika katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, ulionyesha kuwa wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, walipata nafuu kubwa kwa kukutana kila wiki kwa wiki 16, wanaume kwao na wanawake kwao, wakiongozwa na mwenyeji aliyefunzwa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa njia hiyo mwaka 2016.

Hata hivyo, aliyeona mlima ukiporomoka na kufukia kijiji cha Nametsi, kule Bududa, tarehe 1 Machi 2010, haogopi jambo lililopita, kwa kuwa anaishi chini ya mlima uleule, na mabadiliko ya tabianchi yanazidisha mvua kubwa. Kiongozi wa kikundi asithubutu kumwambia kuwa anaogopa bure. Amsaidie kutenganisha hofu inayomfanya achimbe mfereji au ahame mapema, na ile inayomkosesha usingizi hata kiangazi.

Naziomba serikali za wilaya na mashirika ya misaada ziache vikundi hivi viendelee magari ya unga yakishaondoka, hasa kila Februari kabla ya mvua; uandikishaji wa misaada ufanywe na watu wengine, siku nyingine; na kila kiongozi ajue kituo cha afya cha kumpeleka anayesema amechoka kuishi.

Wanaume wa mtaa wetu bado hawana kikundi. Wawili wamekwisha kuja kuuliza.

Mkazi wa Mbale