Bajeti ya kuhamia Marekani isiishie kwenye tiketi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Majuzi gazeti lako lilitoa makala kuhusu gharama za kuhamia Marekani. Mwandishi alieleza vizuri ada za ubalozi, vipimo vya afya na bei ya tiketi, akajumlisha, kisha akafunga hesabu. Kijana mmoja niliyemfundisha darasa la saba Muheza, ambaye sasa ni fundi umeme Korogwe, aliipiga picha makala hiyo akanitumia kwa WhatsApp. Yeye na mkewe wamepata viza ya kuhamia. Chini ya picha aliandika: "Mwalimu, tukishalipa vyote hivi tutabakiwa na milioni tatu. Zinatosha kuanzia maisha?"

Swali lake liliniumiza, kwa sababu mimi na mume wangu hatukumuuliza mtu yeyote swali hilo kabla ya kuondoka. Tulihesabu mpaka uwanja wa ndege, tukaamini kwamba ng'ambo ya pili mshahara wa dola utaanza kujihesabu wenyewe. Sheria za viza zinabadilika mara kwa mara na sitazigusa hapa. Nataka kuzungumzia fedha.

Tulifika Lexington, katika jimbo la Kentucky, Januari 2019, kwa ile bahati nasibu ya viza ambayo wengi tunaiita grini kadi. Jina lililotoka ni la mume wangu. Mimi na binti yetu wa miaka sita tuliingia kupitia kwake. Kwa wasioujua, Lexington si mji wa maghorofa ya kwenye sinema. Kwa sensa ya 2020 ulikuwa na watu wapatao 322,000, pungufu ya Jiji letu la Tanga. Umezungukwa na mashamba ya farasi yenye uzio wa mbao, na tangu 1958 mji umejiwekea mpaka wa ujenzi ili usiyameze mashamba hayo. Mandhari ni nzuri mno, ila kwa mpangaji mpaka huo una maana yake: watu wanaongezeka, ardhi ya kujenga haiongezeki kwa kasi hiyo, na kodi za nyumba zinapanda. Nyumba ya vyumba viwili tuliyoanzia kwa dola 825 kwa mwezi, leo inapangishwa kwa dola 1,250.

Nianze na tulichotumia nyumbani. Wakati ule dola moja ilikuwa kama shilingi 2,300. Pasipoti tatu zilitugharimu 450,000. Ada ya ubalozi ilikuwa dola 330 kwa kila mtu, mtoto naye akiwemo, na baada ya viza kutoka tukalipa dola 220 nyingine kwa kila mmoja ili kadi zitengenezwe. Vipimo na chanjo Dar es Salaam, pamoja na nauli na gesti, vilikula karibu milioni moja. Tiketi za watu watatu zilikuwa milioni 5.8. Kisha tukafanya dua na pilau ya kuaga, watu mia mbili, milioni 1.6. Jumla ilizidi milioni 12 na nusu. Baba yangu aliuza kiwanja. Mume wangu aliuza pikipiki. Mimi nilichukua fedha zangu zote kikoba kilipovunjwa mwezi wa kumi na mbili, na wenzangu wakanichangia kanga na mkeka.

Ile pilau ndiyo inayonirudia mara nyingi zaidi. Milioni 1.6 zilikuwa karibu dola 700. Sisemi watu wasiagane. Wazee wangu wana haki ya kuniombea dua mbele ya majirani. Lakini dua ya watu ishirini sebuleni kwa mama, na chai na maandazi, ingetosha. Dola 700 zile, wiki tano baadaye, nilizihitaji kuliko kitu chochote nilichokuwa nacho duniani.

Tulitua na dola 3,100. Rafiki wa mume wangu, waliosoma wote sekondari, alitupokea kwake kwa wiki mbili. Bila yeye tungeanza kulipia hoteli usiku wa kwanza, na mtu asiye na mwenyeji lazima aiweke hoteli hiyo katika hesabu.

Nyumba ndiyo iliyotumaliza. Kwetu tumezoea kodi ya miezi sita kwa mkupuo na hela ya dalali. Huku kodi ni ya mwezi mmoja mmoja, na niliposikia hivyo nilimshukuru Mungu, nikaona tumepata nafuu. Sikujua kwamba mwenye nyumba anakuangalia kwanza katika vitabu vya mikopo: umewahi kukopa wapi, ukalipa vipi, kwa muda gani. Mtu aliyefika juzi hana chochote katika vitabu hivyo. Hata kama hujawahi kudaiwa na mtu maishani, kwao wewe ni karatasi tupu. Wengi pia wanataka kuona mshahara wako ni mara tatu ya kodi, nasi hatukuwa tumeanza kazi. Nyumba mbili zilitukataa, na kila moja ilibaki na ada ya maombi. Ya tatu ilitukubali kwa sharti la dhamana ya miezi miwili. Dhamana dola 1,650, kodi ya mwezi wa kwanza 825, ada za maombi zote pamoja 150, na kampuni ya umeme nayo ikataka dhamana ya 150 kwa sababu ile ile ya karatasi tupu. Tulikabidhiwa funguo tukiwa na dola 325 mkononi, na hatujanunua hata godoro.

Nje kulikuwa na barafu. Makoti na mabuti tuliyapata duka la mitumba, na hapo uzoefu wa mitumba ya Tanga ulinisaidia sana: nilijua kukagua zipu na mishono kabla ya kulipa. Watu watatu tulivaa kwa dola 64. Lakini nyumba yenyewe ilipashwa joto kwa umeme, na bili ya mwezi wa Februari ilikuja dola 214. Anayefika kati ya Novemba na Machi aiandike bili hiyo mapema. Kama ana uhuru wa kuchagua mwezi, afike Aprili au Mei.

Mume wangu alipata kazi ghalani wiki ya tatu, dola 13 kwa saa. Hapa ndipo ndugu zetu nyumbani wanapotukosea, na kosa lenyewe halina ubaya wa moyo. Wanazidisha: 13 mara saa 40 ni 520 kwa wiki, mara 2,300, karibu milioni 1.2 kila wiki! Mwalimu wa shule ya msingi akiona hesabu hiyo anaweza kulia. Lakini 520 haikuwahi kuingia mfukoni. Asilimia 7.65 inakwenda kwenye mafao ya uzeeni na matibabu ya wazee, kisha kodi ya serikali kuu, kisha ya jimbo, ambayo mwaka ule ilikuwa asilimia 5, kisha mji wa Lexington wenyewe unakata asilimia 2.25 ya ujira. Tulichokiona ni kama 420. Na malipo ni kila wiki mbili, wiki ya kwanza ikibaki nyuma, kwa hiyo hundi ya kwanza ilifika karibu mwezi na nusu tangu tushuke kwenye ndege.

Ghala lilikuwa nje ya njia za basi. Mabasi ya mji yapo, nauli wakati ule ilikuwa dola moja, na mimi niliyatumia mwaka mzima kwenda kufua mashuka katika hoteli. Lakini zamu ya mume wangu iliisha saa nane usiku. Mwenzake alimchukua kwa gari kwa dola 10 kwa siku, yaani 50 kwa wiki, katika mshahara ule wa 420. Jirani yetu Mkongomani, baba wa watoto watano aliyetoka Uvira, alituambia mapema kabisa: "Dada, huku gari si utajiri. Gari ni miguu." Mji kama Lexington hauna treni ya chini ya ardhi. Wanaoshauri "nenda mji mdogo, maisha ni nafuu" wanasema kweli kuhusu kodi ya nyumba, ila wanasahau kwamba unafuu ule unaurudisha kwenye gari. Tulinunua Toyota Corolla ya 2006 kwa dola 3,600, tukilipa kidogo kidogo kwa rafiki yule yule. Juu yake kuna asilimia 6 ya jimbo wakati wa kubadilisha umiliki, dola 216. Juu yake tena bima: kwa kuwa leseni ilikuwa mpya, bima ndogo peke yake ilikuwa dola 170 kila mwezi. Na leseni haitoki siku moja. Unafanya mtihani wa maandishi, unasubiri siku 30 na kibali cha kujifunza, ndipo unaruhusiwa mtihani wa barabarani.

Kwa afya nitasema moja tu. Bima ya kazini ilianza baada ya siku 90, na siku ya 71 binti yangu alipata homa kali usiku. Hospitali ilituletea bili ya dola 1,140. Nililia, nikaanza kuilipa kwa dola 40 kila mwezi. Miezi minne baadaye, kanisani kwa jirani yangu, mama mmoja aliniambia kwamba hospitali zisizo za faida zinatakiwa kisheria kuwa na utaratibu wa msaada kwa wenye kipato kidogo, na kwamba fomu yake ni lazima uiombe. Niliijaza, sehemu kubwa ya deni ikafutwa. Kila anayekuja aijue fomu hiyo kabla hajaumwa.

Jirani huyo na mama huyo walikuja kama wakimbizi. Kentucky imepokea familia nyingi sana kutoka Kongo, na Kiswahili kinasikika Lexington sokoni, shuleni na kwenye vituo vya basi. Mkimbizi alipofika wakati ule, kulikuwa na shirika lililompokea, likamtafutia nyumba na kumwandikisha mtoto shule. Wakati mwingine niliwaonea wivu, Mungu anisamehe, nikijua walichopitia. Sisi wa bahati nasibu hatuna shirika. Wewe na mfuko wako, basi. Ndiyo maana hesabu yetu inatakiwa kuwa kali kuliko ya mtu mwingine yeyote.

Na Kiswahili hicho hicho ndicho kilichotuinua. Cheti changu cha ualimu hakikutambuliwa kama kilivyo, lakini mwaka wa pili shule ilihitaji mtu wa kuzungumza na wazazi Waswahili, nikaacha mashuka. Nimejifunza kwa Wakongomani hao kuita hela "franga". Sijutii kuja. Binti yangu anasoma bure na basi la shule linamchukua nyumbani.

Jambo linalonisukuma zaidi kuandika ni hili la ndugu. Wiki ya pili tangu tufike, kabla hata ya kazi, mjomba wangu aliomba bati thelathini. Wiki ya nne ikaja ada ya shule ya mtoto wa kaka. Kiwanja cha baba kilikuwa kimeuzwa kwa ajili yetu, kwa hiyo sikuwa na uso wa kukataa. Nilituma dola 150 mwezi Februari, na kodi ya Machi tukachelewa, tukatozwa faini ya dola 75. Mwenye nyumba akaiandika. Nawaomba wazazi wanaosoma barua hii: mtoto wako akisafiri, mpe miezi sita ya kimya. Mpigie simu, mwombee, muulize kama amekula. Usimuulize bati. Miezi hiyo sita ndiyo vitabu vya mikopo vinahitaji kumjua mtu kwa mara ya kwanza, na akichelewesha malipo ndani yake, anaweza kulipia uchelewaji huo kwa miaka.

Mhariri, ningeomba gazeti lako likiandika tena habari hizi, liende mbele ya tiketi: dhamana ya nyumba, joto, gari, bima, na siku arobaini bila mshahara.

Nilimjibu yule kijana hivi. Milioni tatu hazitoshi kwa watu wawili, mwanangu. Hapa Lexington, ukiwa na mwenyeji wa kukulaza mwezi mmoja, usije na pungufu ya dola 5,000 peke yako, na uhesabu gari mbali. Viza ina muda wake wa kuingilia. Usome vizuri tarehe. Kama inaruhusu, tangulia wewe, mkeo afuate kabla muda haujaisha. Nilimtumia pia picha ya daftari langu la 2019, kurasa zote, pamoja na ule wa pilau.

Amenijibu juzi. Sherehe ya kuaga wameifuta, na mkewe atabaki kwa mama yake Korogwe mpaka mumewe apate nyumba huku. Ameniuliza kama makoti ya mitumba yanapatikana pia mwezi wa nne.

Mama wa Muheza,
Lexington, Kentucky