Kidonda cha mzabibu

Bordeaux, Ufaransa
Februari

Shoga yangu Mama Neema,

Hamjambo huko Hombolo, Dodoma? Mimi mzima, ila baridi ya huku inaingia mpaka mifupani.

Uliniuliza kwa nini mzabibu uliokuwa ukibeba vizuri hukauka ghafla, na wa jirani yake uko kijani. Wa kwako siwezi kuusemea kabla haujapasuliwa, lakini wa huku nimeuona kwa macho. Majani hutoka michirizi kama ngozi ya chui milia, kisha siku moja ya joto kali mti unanyauka wote. Ukikata shina unakuta vidoti vyeusi, na mahali pengine mti umegeuka mweupe, laini kama sifongo. Wanauita eska. Ni kuvu za aina kadhaa, na mlango wao mkubwa ni vidonda vya kupogoa. Zamani walipulizia arseniti ya sodiamu. Ni sumu inayoleta saratani, ikapigwa marufuku hapa mwaka 2001, na tangu hapo hakuna dawa inayouponya mti ulioshikwa.

Ndiyo maana watafiti wanahangaika na mimea: kitunguu saumu, vanilini (ile inayoipa vanila harufu yake), na hata mzabibu wenyewe. Hilo la mwisho lilinigusa sana, Mama Neema. Mzabibu ukijeruhiwa hujitengenezea kinga, resveratroli na jamaa zake, na kinga hiyo imejaa kwenye vijiti tunavyopogoa. Huku wanavisaga, wanavikamua, wanalijaribu tone lake juu ya kuvu zilezile. Nikakumbuka mioshi yetu baada ya kupogoa, tunachoma dawa yenyewe!

Usikimbilie kutwanga saumu, lakini. Maabarani kuvu zinazuilika. Shambani mvua inasuuza, jua linaharibu, na kidonda hukaa wazi wiki nyingi. Kuifanya dawa ishike hapo ndiyo kazi ngumu iliyobaki.

Na wewe unapogoa mara mbili kwa mwaka, wenzako wa huku mara moja. Vidonda vyako ni maradufu. Basi nakusihi, usipogoe mvua ikinyesha wala miti ikiwa imelowa, maana mbegu za kuvu husafiri na maji. Tawi nene usiliguse bila sababu. Miti iliyokufa itoe kabisa, usiirundike pembeni mwa shamba kungoja kuwa kuni.

Ule mmoja uliokauka, upasue shina unipigie picha ya ndani kabla hujautupa. Nisalimie Baba Neema na bibi.

Wako,
Rehema