Hilo "rejoice" lako

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Umeniuliza kama ile sentensi unayotaka kumwandikia bosi mpya, "I rejoiced to get your email", ina kosa. Kisarufi haina. Ila nikiisoma namwona mtu kavaa joho la kanisani kuja kufungua barua pepe. Kamusi inakwambia rejoice ni kufurahi, halafu inakuacha hapo hapo njiani.

Mwingereza akifurahi furaha ya kila siku husema "I was glad", au "I was so happy", basi. Rejoice ni furaha ya kutangazwa, aghalabu ya watu wengi pamoja, na imekaa sana kwenye Biblia. Ile tafsiri yao ya 1611, iitwayo King James, imejaa neno hili: pale Wafilipi 4:4 tunaposoma "Furahini katika Bwana siku zote", wao wana "Rejoice in the Lord alway". Ndiyo maana hata asiyekanyaga kanisani akilisikia, anasikia mahubiri.

Na lina uzito wa kumponza mtu. Tarehe 25 Aprili 1982, kwenye vita vya Falklands, majeshi ya Uingereza yalipokitwaa tena kisiwa cha South Georgia kutoka kwa Waajentina, waandishi wa habari walitaka kuuliza maswali pale Downing Street, kwenye ofisi ya waziri mkuu. Margaret Thatcher, waziri mkuu wa wakati ule, akawaambia "Just rejoice at that news", wawapongeze wanajeshi. Waliompinga wakamshikilia kwa neno hilo, kwamba anashangilia vita. Mpaka leo wapo wanaomnukuu eti alisema "Rejoice! Rejoice!" kama mpiga mbiu, wakati hakusema hivyo. Angesema tu "be glad", sidhani kama kuna ambaye angelikumbuka.

Ukilitumia, angalia kinachofuata. Habari njema ni rejoice at au rejoice over. Mungu, au jambo unalolionea fahari, ni rejoice in. Kufurahi pamoja na mwenzio ni rejoice with, kama Warumi 12:15, "Furahini pamoja nao wafurahio". Usiandike "rejoice the news", haiendi.

Kuna utani mmoja wa Waingereza ambao naupenda sana. Wakikuta mtu ana jina la ajabu, husema "he rejoices in the name of", kisha wanalitaja. Sura kavu, lakini wanamcheka. Kwa hiyo siku ukiandikwa hivyo, usikimbilie kushukuru.

Lile exult ulilolitaja mwishoni ni kali zaidi. Asili yake ni Kilatini, kurukaruka, na bado limebeba shangwe ya aliyeshinda. Exult over mtu ni kumkoga baada ya kumbwaga. Tena usilichanganye na exalt, ambalo ni kutukuza. Herufi moja tu, ukajikuta unamtukuza uliyekusudia kumringia.

Basi, kama barua bado haijaondoka, weka "I was delighted to get your email", inatosha kabisa. Kama umeshaituma, nyamaza. Usimwandikie tena kumwomba radhi, maana hapo ndipo atakapoirudia kuisoma.

Nisalimie wote nyumbani, na unijulishe kazi ikianza.

Ni mimi shoga yako