Wapiga dawa wapimwe damu kabla ya msimu

Mhariri,

Naomba nafasi niwaeleze wakulima wenzangu wa nyanya yaliyompata mdogo wangu hapa Ilula, Iringa.

Tangu kantangaze, yule mdudu anayeharibu nyanya, aingie shambani, alikuwa akipiga dawa kila baada ya siku nne, bomba la lita 16 mgongoni, mikono mitupu, kavaa fulana tu. Nikimsihi ajikinge, ananijibu: "Dada, huu mwezi wa pili napiga, umeona nini?" Kweli, hatukuona kitu. Kisha siku moja, dawa ileile, kipimo kilekile, akarudi jasho likimchuruzika, mate yakimtoka, kope zikimchezacheza. Zahanati ya kwanza walisema malaria. Ya pili, tabibu alimmulika tochi, akaona mboni zimesinyaa kama tundu la sindano, akauliza, "Amepiga dawa gani huyu?" Akamchoma atropini, dawa ya kukabili sumu hiyo, akarudia, akarudia tena, mpaka kifua kikaacha kukoroma.

Tabibu yule alinielewesha. Neva ikitaka msuli ukaze humwaga kemikali iitwayo asetilikolini, na kuna kimeng'enya kinachoifagia papo hapo ili msuli ulegee. Dawa za wadudu za jamii ya oganofosfeti, kama aliyopiga mdogo wangu, hukikamata kimeng'enya hicho zisikiachie. Mwili una akiba yake, kwa hiyo kikipungua polepole mtu hasikii lolote. Kikishuka hadi kama nusu, akiba imekwisha, na dawa kidogo tu ya siku hiyo inamwangusha. Katika chembe nyekundu za damu kimeng'enya hurudi kwa kiasi cha asilimia 1 kwa siku, maana hungoja chembe mpya zizaliwe. Basi zile siku nne zilimrudishia mdogo wangu asilimia 4, halafu anabeba bomba tena! Miezi miwili aliyojiona mzima ndiyo iliyokuwa ikimmaliza.

Huko California, Marekani, wanaoshika dawa hizi mara kwa mara hupimwa damu kabla hawajaanza kazi, kwa kuwa kiwango hutofautiana mtu na mtu. Kimeng'enya cha chembe nyekundu kikishuka hadi asilimia 70 ya kiwango chake mwenyewe, mtu huondolewa kwenye dawa mpaka kifike 80. Mbona haya yasifanyike kwenye zahanati za maeneo ya nyanya? Tone la damu, na kadi ya mkulima ya kuandikia.

Mdogo wangu amekwisha kusia miche mipya. Bomba nimelifungia chumbani kwangu, na kila asubuhi ananiomba ufunguo.

Mkulima wa nyanya,
Ilula, Iringa